Kuona Ndani ya Tangi Bila Kulifungua: Somo Kuhusu Tomografia ya Umeme

Mkazi wa Seme au Nyakach anayetaka kuchimbiwa kisima kirefu anaujua utaratibu. Kabla ya mashine ya kuchimba kuletwa, hufika kwanza mtaalamu wa maji ya ardhini akiwa na nyaya ndefu na vigingi vya chuma. Hupigilia vigingi hivyo shambani kwa mstari, hupitisha mkondo wa umeme kati ya viwili, kisha hupima volteji kati ya vingine viwili. Husogeza vigingi na kurudia. Jioni huondoka na karatasi iliyojaa tarakimu, na baadaye huleta ripoti: hapa pana mwamba mkavu, pale pana mwamba uliopasuka wenye maji, chimbeni hadi kina fulani. Amejua yaliyo chini ya shamba ingawa hakuna aliyeingia ardhini.

Njia hiyo hiyo inaweza kutumika kwenye tangi la kiwanda au bomba. Badala ya kupanga vigingi kwa mstari juu ya ardhi, vipande vidogo vya chuma hupangwa kwa duara kuzunguka chombo. Tarakimu zinazopatikana huingizwa katika kompyuta, nayo huchora picha ya mkato wa ndani, kama mtu aliyekata muwa akatazama uso wake. Kazi hii huitwa tomografia ya umeme.

Ukanda wa Kisumu una viwanda vya sukari, viwanda vinavyogeuza molasi kuwa spiriti, mitambo ya maji safi na maji taka, na bomba la mafuta. Vyote vina matangi na mabomba yaliyofungwa, na watu wanaofanya kazi au kuishi karibu nayo. Somo hili linaeleza jinsi vihisi vya tomografia ya umeme vinavyoundwa, kila aina inafaa chombo gani, na mambo ambayo teknolojia hii haiwezi kuyafanya. Mwishoni lipo jaribio ambalo shule ya upili inaweza kulifanya kwa beseni la plastiki na betri ndogo.

Kwa nini tangi lililofungwa ni shida

Mfanyakazi wa kiwandani hupima vitu vingi kwa geji: shinikizo, joto, kimo cha maji. Lakini geji husema habari za mahali ilipofungwa tu. Kipimajoto kilicho ukutani hakijui kama katikati ya tangi mchanganyiko umesimama bila kuzunguka. Geji ya shinikizo haijui kama bomba limejaa kimiminika kitupu au kimiminika kilichochanganyika na gesi.

Zamani njia ya kuhakikisha ilikuwa moja: simamisha kazi, fungua mlango wa tangi, mtu aingie na tochi. Njia hiyo imeua watu katika nchi nyingi. Tangi la kuchachusha molasi hutoa kabonidioksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nzito kuliko hewa, ambayo hulala chini ya tangi na kuchukua nafasi ya oksijeni. Shimo la maji taka huweza kuwa na gesi inayonuka kama yai bovu, na ikiwa nyingi sana, pua huacha kuisikia. Mara nyingi anayekufa si mmoja. Wa kwanza huanguka, wa pili huingia kumwokoa, naye huanguka. Ndiyo maana Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka tahadhari maalumu kabla ya mtu kuingia mahali penye hewa ya hatari au upungufu wa oksijeni.

Kila taarifa inayoweza kupatikana kutoka nje ya tangi hupunguza haja ya kumwingiza mtu ndani. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya somo hili.

Wazo lilikotoka

Kupima ardhi kwa umeme kulianzishwa Ufaransa na ndugu wawili wa ukoo wa Schlumberger, mwanzoni mwa karne ya 20. Humu nchini njia za aina hiyo zimetumika sana kutafuta maji, na pia kutafuta mvuke wa jotoardhi huko Olkaria karibu na Naivasha, ambako umeme wa kwanza ulizalishwa mwaka wa 1981.

Swali la hesabu lililo chini ya jambo hili lilimjia mhandisi kijana wa Ajentina, Alberto Calderón, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya nchi yake katika miaka ya 1940. Je, mtu akipima umeme kwenye ngozi ya nje ya kitu tu, anaweza kujua kilicho ndani? Calderón alikuja kuwa mwanahisabati mashuhuri, na alilichapisha swali lake mwaka wa 1980. Katika miaka hiyo ya 1980 watafiti wa Manchester nchini Uingereza na wa maabara ya serikali ya Marekani huko Morgantown walianza kutengeneza vihisi vya viwandani. Mwaka wa 1999 wataalamu wa fani hii walifanya kongamano lao la kwanza la dunia katika mji wa Buxton, Uingereza.

Aina ya kwanza: kihisi cha ukinzani

Umeme hupita kwa urahisi katika baadhi ya vitu na kwa shida katika vingine. Maji yenye chumvi huupitisha vizuri. Sharubati ya miwa huupitisha kwa sababu ina madini yaliyoyeyuka. Fuwele za sukari, mchanga, viputo vya hewa na mafuta huuzuia. Kwa hiyo, mahali palipo na viputo au mchanga ndani ya sharubati, mkondo hulazimika kuzunguka, na volteji iliyo karibu na mahali hapo hubadilika.

Kihisi cha ukinzani hutumia tabia hiyo. Ndani ya ukuta wa chombo hufungwa vipande vidogo vya chuma kisichoshika kutu, ambavyo huitwa elektrodi. Kwa kawaida huwa 16, zikiwa zimepangwa kwa duara na kwa umbali sawa. Lazima ziguse kimiminika, lakini uso wake huwa sawasawa na ukuta ili zisizuie mtiririko wala kukusanya uchafu.

Kazi hufanyika kwa zamu. Mkondo mdogo, wa miliampia chache, hupitishwa kati ya elektrodi ya 1 na ya 2. Wakati huo volteji hupimwa kati ya kila jozi ya elektrodi jirani zilizobaki. Kisha mkondo huhamia kati ya 2 na 3, na vipimo hurudiwa, hadi duara likamilike. Kwa elektrodi 16, kila zamu hutoa vipimo 13, na zamu 16 hutoa vipimo 208. Nusu yake ni marudio, kwa sababu kubadilishana nafasi kati ya jozi inayotoa mkondo na jozi inayopima huleta jibu lile lile. Vinabaki vipimo 104 vyenye habari mpya.

Mambo matatu huamua kama kihisi hiki kitafanya kazi vizuri.

La kwanza ni aina ya mkondo. Mkondo unaotoka kwa betri huenda upande mmoja tu, nao hutengeneza viputo na kutu kwenye elektrodi. Kwa hiyo viwandani hutumika mkondo geu, unaobadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde.

La pili ni ukuta wa chombo. Ukuta wa plastiki hauna shida. Ukuta wa chuma wenyewe hupitisha umeme, hivyo mkondo hukimbilia ukutani badala ya kupita kwenye kimiminika. Katika tangi la chuma, kila elektrodi hutengwa na ukuta kwa kikombe cha plastiki ngumu, na mpango wa vipimo hubadilishwa ili ukuta wenyewe uwe njia ya kurudishia mkondo. Njia nyingine ni kukata bomba na kuweka kati kipande kifupi kilichopakwa utando wa plastiki kwa ndani.

La tatu ni umbo. Si kila tangi linaweza kuzungushiwa duara. Tangi refu la zege la kutulizia tope halitobolewi ovyo. Hapo elektrodi hupangwa kwa mstari juu ya nguzo moja ya plastiki, nayo hutumbukizwa kutoka juu. Nguzo hiyo huona sehemu iliyo karibu nayo tu, lakini hiyo inatosha kuonyesha tope limefika kimo gani.

Aina ya pili: kihisi cha kapasitansi

Mafuta, nafaka kavu, unga na makapi makavu ya miwa havipitishi umeme wa kutosha kupimwa kwa njia ya kwanza. Lakini vina tabia nyingine. Vikiwekwa kati ya vibati viwili vya chuma vyenye chaji tofauti, hubadilisha kiasi cha chaji kinachoweza kukaa kwenye vibati hivyo. Kiasi hicho huitwa kapasitansi. Hewa ina kiwango cha 1. Mafuta ya petroli na dizeli yana kiwango cha karibu 2. Maji yana kiwango cha karibu 80.

Katika kihisi hiki elektrodi hazigusi kitu kilicho ndani. Ni vibati vipana vya shaba au alumini vinavyobandikwa nje ya kipande cha bomba la plastiki au la kioo. Kwa kawaida huwa 8 au 12. Kila kibati hupimwa na kila kingine: vibati 8 hutoa vipimo 28, na vibati 12 hutoa vipimo 66.

Ugumu wake ni kwamba ishara ni ndogo mno. Mabadiliko yanayotafutwa hufikia sehemu chache za milioni bilioni ya kipimo kiitwacho faradi. Mkono wa mtu ukipita karibu na bomba unaweza kuharibu kipimo. Kwa hiyo kihisi kizima hufunikwa kwa ngao ya chuma iliyounganishwa na waya wa ardhini. Vibati vya ziada vya kulinda huwekwa kwenye ncha zote mbili ili nguvu ya umeme isitawanyike kando, na nyaya zake huwa fupi na zenye kifuniko chao. Ukuta wa plastiki nao usiwe mnene kupita kiasi, la sivyo ishara hudhoofika kabla ya kufika katikati.

Hapa ndipo mbuni wa kihisi huwa na uamuzi mgumu. Akiongeza idadi ya vibati, hupata vipimo vingi zaidi na huenda picha ikawa bora. Lakini kila kibati kitakuwa chembamba zaidi, na ishara yake ndogo zaidi. Akirefusha vibati, ishara huongezeka, lakini picha huwa ni wastani wa sehemu ndefu ya bomba.

Chombo gani, kihisi gani

Kanuni ya kuchagua ni nyepesi: tazama kimiminika kikuu kilicho ndani. Kikiwa kinapitisha umeme, tumia ukinzani. Kikiwa hakipitishi, tumia kapasitansi. Mifano ifuatayo inatokana na aina za kazi zinazofanyika katika ukanda wa ziwa.

Sufuria kubwa ya kuchemshia sukari. Katika kiwanda cha sukari, sharubati nzito huchemshwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa hadi fuwele zijitokeze. Kadiri fuwele zinavyoongezeka, upitishaji umeme hushuka. Wapishi wa sukari wametumia kipimo cha namna hiyo kwa miaka mingi, lakini kwa kihisi kimoja kilicho mahali pamoja. Duara la elektrodi lingeonyesha kama fuwele zimesambaa sawasawa au zimerundikana upande mmoja. Kihisi hapa ni cha ukinzani.

Tangi la kuchachusha molasi. Hamira hula sukari na kutoa spiriti pamoja na viputo vya kabonidioksidi. Viputo vikikaa upande mmoja, upande wa pili hauchanganyiki vizuri. Kihisi hapa pia ni cha ukinzani.

Tangi la kutulizia tope. Iwe ni tope la sharubati ya miwa baada ya kutiwa chokaa, au tope la maji taka, hatari ni moja: tope likijaa hadi kwenye ukingo, humwagika pamoja na maji yaliyodhaniwa kuwa masafi. Tope la maji taka likivuka ukingo, mwisho wake ni mtoni, kisha Ghuba ya Winam, na anayelipa gharama ni mvuvi wa Dunga na mama anayeuza samaki. Hapa hufaa nguzo ya elektrodi.

Bomba la kupuliza makapi au nafaka kwa hewa. Vitu vikavu vikirundikana chini ya bomba, huziba. Hapa hufaa kapasitansi, mradi vitu viwe vikavu. Vikiwa na maji mengi vipimo huharibika.

Bomba la mafuta lenye maji ndani. Kwa kuwa maji yana kiwango cha 80 na mafuta 2, maji yaliyotulia chini ya bomba huonekana waziwazi kwa kapasitansi. Lakini vifaa vyote vinavyofungwa mahali penye mvuke wa mafuta lazima viwe vimeundwa visiweze kutoa cheche.

Kutoka tarakimu hadi picha

Vipimo 104 si picha. Kompyuta huanza na ramani zilizotayarishwa mapema, zinazoonyesha kila jozi ya elektrodi huhisi zaidi sehemu gani ya mkato. Kipimo kikibadilika, programu hulirudisha badiliko hilo kwenye sehemu zile ambazo jozi hiyo huzihisi. Ikijumlisha vipimo vyote, sehemu zinazotajwa na jozi nyingi hujitokeza. Njia hii ni ya haraka, na huweza kutoa picha mamia kwa sekunde, lakini picha zake huwa na ukungu. Programu nyingine hurudia hesabu mara nyingi na kupata picha kali zaidi, ila huchukua muda.

Msomaji akumbuke kwamba ukungu huo hautokani na kompyuta duni. Mwale wa eksirei hupita moja kwa moja, kama mshale. Umeme hautembei hivyo. Husambaa kama maji ya mvua kwenye uwanja, na kitu kimoja kidogo katikati hubadilisha njia yake yote. Kwa sababu hiyo, tomografia ya umeme kwa kawaida hutofautisha vitu vyenye ukubwa wa asilimia 5 hadi 10 ya kipenyo cha chombo. Katika tangi la mita 3, hiyo ni sentimita 15 hadi 30. Kitu kilicho karibu na ukuta huonekana vizuri kuliko kilicho katikati. Anayeuziwa mtambo kwa ahadi kwamba utaona bolti iliyodondoka katikati ya tangi kubwa anadanganywa.

Fani hii ina uwezo mkubwa zaidi kwenye kasi. Maduara mawili ya elektrodi yakifungwa kwenye bomba kwa umbali wa sentimita 20, kundi la viputo litapita duara la kwanza kisha la pili. Kompyuta ikilinganisha picha na kuona kwamba umbo lile lile limechukua sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika, kasi ni mita 2 kwa sekunde.

Picha pia hugeuzwa kuwa kiasi. Mwaka wa 1873 mwanafizikia James Clerk Maxwell alichapisha hesabu ya jinsi upitishaji umeme unavyopungua kimiminika kikichanganyika na chembe ndogo. Kwa viputo vya gesi, tumia hatua hizi: chukua sehemu ya ujazo iliyo gesi. Iondoe kutoka kwa 1, kisha zidisha kwa 2. Gawanya kwa 2 ukijumlisha sehemu hiyo. Gesi ikiwa asilimia 10, yaani 0.1, tunapata 1.8 kugawanya kwa 2.1, ambayo ni karibu 0.86. Maana yake upitishaji umeshuka kwa asilimia 14 hivi.

Lakini hapa pana mtego. Upitishaji wa kimiminika huongezeka kwa karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Molasi ikichacha, tangi hupata joto. Nyuzi 7 zikiongezeka, zinaweza kuificha karibu yote ile asilimia 14 iliyosababishwa na gesi, na picha ikasema hakuna viputo. Kwa hiyo duara la elektrodi lisilo na kipimajoto kando yake ni duara la kutiliwa shaka.

Mambo ambayo kihisi hiki hakifanyi

Mafuta hufika Kisumu kwa bomba. Sehemu ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kazi mwaka wa 1978, na bomba likafika magharibi mwa Kenya, Eldoret na Kisumu, mwaka wa 1994. Ndani ya bomba moja, aina za mafuta husukumwa kwa kufuatana: petroli, kisha dizeli, kisha nyingine. Baadhi ya wasomaji watadhani kwamba kihisi cha kapasitansi ndicho cha kutambua petroli imeishia wapi na dizeli imeanzia wapi. Sicho kinachofaa zaidi. Viwango vyao vinakaribiana mno, na kipimo cha uzito wa mafuta kwa ujazo huwatofautisha kwa urahisi zaidi.

Wala kihisi hiki si cha kutafuta bomba linalovuja. Huona mkato wa mahali kilipofungwa, si kilomita nzima ya bomba. Uvujaji hutambuliwa kwa kulinganisha mafuta yaliyoingia na yaliyotoka, kwa kufuatilia shinikizo, na kwa macho na pua za watu wanaoishi karibu.

Jambo la mwisho linamhusu kila mkazi. Tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwa bomba yalishika moto katika mtaa wa Sinai, Nairobi, na watu zaidi ya 100 walifariki. Tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 walifariki huko Sachangwan walipokuwa wakichota mafuta ya lori lililoanguka. Julai 2021, msiba wa aina hiyo ulitokea karibu zaidi, huko Malanga, Gem, Kaunti ya Siaya, na watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hufuata mtaro na bonde, na unaweza kufika kwenye jiko la nyumba ambayo haioni mafuta yoyote. Kwa hiyo mkazi anayesikia harufu kali ya mafuta, au anayeona mafuta kwenye mtaro au nyasi zilizokauka juu ya njia ya bomba, afanye hivi:

1. Asichote, wala asikaribie kutazama.
2. Asiwashe kiberiti, sigara, jiko wala pikipiki, na asitumie simu akiwa karibu na mafuta.
3. Aondoke kuelekea upande upepo unakotoka, apande sehemu ya juu, na awaondoe watoto.
4. Akishafika mbali, apige 999 au 112, aeleze mahali kwa kutaja shule, soko au kanisa lililo karibu.

Jaribio la darasani

Jaribio hili linahitaji mwalimu awepo. Umeme wa nyumbani, betri ya gari na betri ya sola visitumike kamwe. Betri ndogo ya volti 9 inatosha.

Vifaa: beseni la plastiki la mviringo lenye upana wa sentimita 30 hivi, bolti 8 ndogo za chuma kisichoshika kutu, gundi ya silikoni, betri ya volti 9, kikinza cha omu 1,000, maltimita inayosoma milivolti, nyaya zenye vibanio, chupa ya glasi iliyojazwa mchanga na kufungwa, chumvi.

Hatua ya 1. Toboa beseni mahali 8 kwa umbali sawa na kwa kimo kimoja. Funga bolti, ziba kwa silikoni, uache ikauke. Zipe nambari 1 hadi 8.

Hatua ya 2. Tia maji yafunike bolti. Maji ya ziwa na ya mfereji yana chumvi kidogo, kwa hiyo ongeza kijiko kimoja cha chai cha chumvi na ukoroge.

Hatua ya 3. Unganisha betri kwa bolti 1 na 2 kupitia kikinza. Soma volteji kati ya 3 na 4, 4 na 5, 5 na 6, 6 na 7, 7 na 8. Kwa kila usomaji, unganisha betri kwa sekunde chache tu, kisha iondoe.

Hatua ya 4. Geuza ncha za betri na urudie. Kwa kila jozi, toa usomaji wa pili kutoka kwa ule wa kwanza, ugawanye kwa 2. Hilo huondoa kosa linaloletwa na chuma chenyewe kugusana na maji ya chumvi.

Hatua ya 5. Simamisha chupa ya mchanga karibu na bolti 5 na 6. Rudia vipimo vyote. Linganisha.

Volteji ya jozi iliyo karibu na chupa hupanda, kwa sababu mkondo umebanwa kupita kwenye nafasi ndogo. Sasa mwanafunzi mmoja ageuke, mwingine ahamishe chupa. Aliyegeuka apewe tarakimu tu, aseme chupa iko wapi. Akipata, amefanya tomografia.

Wanafunzi watazame pia viputo vidogo vinavyotokea kwenye bolti 1 na 2. Ndiyo sababu ya viwanda kutumia mkondo geu.

Maswali ya kujipima

1. Beseni lenye elektrodi 8 likizungushiwa zamu zote, kila zamu ikitoa vipimo 5, kuna vipimo vingapi kwa jumla, na vingapi vina habari mpya?
2. Kiwanda kina tangi la chuma lenye sharubati ya miwa. Fundi anataka kubandika vibati vya kapasitansi nje ya tangi. Kwa nini hataona kitu?
3. Tangi lina kipenyo cha mita 2. Ni kitu cha ukubwa gani kinachoweza kuonekana?
4. Upitishaji katika tangi la molasi haujabadilika, lakini joto limepanda kwa nyuzi 7. Je, ni salama kusema hakuna gesi?

Majibu. La 1: vipimo 40, na 20 vina habari mpya. La 2: ukuta wa chuma huzuia nguvu ya umeme kuingia ndani, na sharubati yenyewe hupitisha umeme, anahitaji elektrodi zinazogusa sharubati na zilizotengwa na ukuta. La 3: sentimita 10 hadi 20 hivi. La 4: la. Joto lingepandisha upitishaji kwa karibu asilimia 14. Usipopanda, kuna kitu kinachoushusha, na huenda ni gesi. Mtu asiingie katika tangi hilo hadi hewa yake ipimwe.